Chai ya Upande wa Kaburi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari hili si langu, ni la watafiti. Moureen, muuguzi anayetuandikisha katika hospitali ya Longisa, alinikabidhi leo pamoja na kalamu mbili, akaniambia niandike kila siku nilichosahau, kilichonichukua muda mrefu, na nilivyojisikia. "Hata laini moja tu, Madam. Usijifosi."

Ananiita Madam kwa sababu nilimwambia nilifundisha Kiswahili miaka kumi na mmoja. Sikumwambia nilivyoacha, basi atasoma hapa. Siku moja mwaka jana nilisimama mbele ya darasa la sita, watoto niliowajua tangu wakiwa na kamasi, na sikuweza kutaja jina la hata mmoja. Walinitazama, nikawatazama. Nikachukua mkoba nikaenda nyumbani.

Nilichosahau leo: mwavuli, uko Longisa. Kilichonichukua muda: kila kitu. Nilivyojisikia: kama mtu anayeulizwa maswali mengi.

Jumatano, 4 Juni

Moureen amepiga simu kusema nieleze watu wa nyumbani kwangu ni akina nani, ili wasomaji wake wasipotee. Haya. Mimi ni Nelvine, miaka arobaini na mmoja, ninaishi Sosiot. Mume wangu Weldon alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, tukamzika hapa hapa shambani. Binti yetu Joan yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tunakaa na mama mkwe, ambaye kila mtu humwita Kogo, yaani nyanya. Hushinda kwenye kiti chake barazani akinitazama ninavyokwenda na kurudi, kama askari wa benki. Ng'ambo ya mto anakaa Kipyegon, mdogo wa Weldon. Na kuna Sellah, anayetuchumia chai. Alikuja kutoka Kisii akiwa msichana, na siku hizi ndiye mtu pekee anayethubutu kunitania.

Ugonjwa wangu daktari ameuandika kuwa ni sonona. Watafiti wanataka kujua kwa nini watu wenye sonona hufikiri polepole, na kama ubongo wao unaonyesha chochote ukipigwa picha. Nilikwenda Longisa kwa sababu Kericho wananijua.

Ijumaa, 6 Juni

Maziwa yameungua.

Jumamosi, 7 Juni

Yameungua tena. Joan amesema, "Mathe, hii sufuria inakuchukia." Nikacheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumanne, 10 Juni

Longisa. Moureen alinipa karatasi yenye namba na herufi zilizotapakaa, niziunganishe kwa mstari: moja, A, mbili, B, hivyo hivyo hadi mwisho, na yeye ameshika saa. Mtoto wa chekechea angeweza. Nilifika tano nikasimama. Nilijua kinachofuata ni E. Nilijua! Nilikuwa nakitafuta tu, na kutafuta kwenyewe kulikuwa kama kutembea kwenye tope la Aprili. Kisha akanisomea tarakimu nizirudishe kinyumenyume. Nilizirudisha nne, ya tano ikatoroka.

Nikamwuliza kama nimefeli. "Hakuna kufeli, Madam."

Mimi ni mwalimu. Ninajua sauti ya mtu anayemwambia mwanafunzi kwamba hakuna kufeli.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi. Nimefagia uwanja mara tatu. Siwezi kukaa chini na siwezi kumaliza kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Eldoret, kwenye ile mashine ya picha. Walinivua saa, pete, pini za nywele, hata sidiria kwa sababu ya vyuma vyake, wakanilaza na kunisukuma ndani ya shimo jeupe. "Usitikisike kwa dakika ishirini na tano." Wamwambie hivyo mtu ambaye hajakaa kitako tangu mwaka jana! Mashine inapiga kelele kama mtu anayegonga mabati kwa hasira. Dakika ya kumi mguu wangu ulianza kucheza wenyewe. Wakanitoa, wakanibembeleza, wakanirudisha.

Mara ya pili nilifumba macho nikapita shambani kichwani, sehemu moja baada ya nyingine. Chai yetu ina sehemu nne, na kila mwaka tunapogoa moja, tukiikata hadi magotini ili ichipuke upya. Ya barabarani, ya mikaratusi, ya mtoni. Ya nne sikuifikia. Nilirudi barabarani nikaanza tena, na mashine ikanyamaza.

Jumapili, 22 Juni

Kipyegon alikuja baada ya kanisa na mkungu wa ndizi. Shemeji akija na ndizi ana neno.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma, ukweli wa Mungu. Hii mambo ya chai ni mzigo. Namba ya mkulima tuibadilishe iwe kwa jina yangu, kwa muda tu. Ukipona nakurudishia."

"Na nani ataamua kama nimepona?"

Akaangalia ndizi zake. Mwenye namba ndiye kiwanda humlipa majani, ndiye mwenye chai. Kogo alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye kiti chake.

Siwezi darasa tena, sipiki vizuri, jina la binamu yangu lilinitoka matangani. Chai ndiyo kitu cha mwisho ambacho bado watu huja kuniuliza mimi: tuchume lini, tupogoe wapi. Ikienda hiyo, nitakuwa mtu wa kulishwa na kufunikwa blanketi. Nimemjibu kwamba nitafikiri. Akatikisa kichwa polepole, na nilitamani kumrushia ule mkungu.

Jumatano, 25 Juni

Nilisahau mkutano wa wazazi shuleni. Joan hakulalamika, na hilo ndilo liliniuma.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nimeharibu.

Atuti, kaka yake Sellah, alikuja asubuhi na vijana wake wawili kupogoa. Ni fundi, panga lake halichani tawi. Akaniuliza, "Mama Joan, mwaka huu tunakata gani?" Nikanyoosha mkono. Hakuniuliza mara mbili, ni shamba langu. Saa nane mchana walikuwa wamemaliza sehemu ya mtoni yote, matawi yamelala chini, visiki vyeupe vimetokeza kila mahali.

Sehemu ya mtoni ilipogolewa mwaka jana. Ndiyo kwanza imeanza kutupa majani mazuri. Zamu ya mwaka huu ilikuwa ya upande wa kaburi.

Sellah aliporudi kutoka kituo cha majani alisimama na kikapu mgongoni, akasahau hata kukitua. "Mama Joan. Hii si ya mwaka jana?"

Nikasema, "Nimesahau. Kichwa changu."

Ijumaa, 4 Julai

Kipyegon amekuja bila ndizi. Alitembea kati ya visiki akivigusa kimoja kimoja, akisema "woi, woi" kama aliyefiwa. Mimi nilibaki barazani nikirudia ule wimbo wangu: nimesahau, ni ugonjwa. Nilishangaa jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi haraka. Hasira ilimtoka usoni palepale, huruma ikachukua nafasi yake, na huruma ndiyo mbaya zaidi.

"Sasa umeona, shemeji. Tutaita wazee. Jumamosi ya pili Agosti, mzee Kiplimo awe hapo."

Mzee Kiplimo ni mjomba wao, hukalia vikao vyote vya ukoo.

Jumanne, 8 Julai

Mvua ya mawe kuanzia saa tisa, robo saa nzima. Imepasua majani ya barabarani. Kogo alinisaidia kuvuta kuni ndani, akanishika kiwiko, akanitazama, akaniachilia. Anatafuta nini usoni mwangu?

Alhamisi, 10 Julai

Sellah hanitanii tena. Anachuma, anapima, anaondoka. Nimemwuliza kuna nini. "Hakuna, mama." Mama, si Mama Joan.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejua. Kipyegon anatangaza sokoni kwamba Atuti aliona mwanamke mgonjwa akakata iliyo rahisi, ya visiki vifupi, ili amalize mapema alipwe. Watu wawili waliokuwa wamempangia kazi wamemwambia asije. Nimekunywa chai nimesimama, nikatembea hadi barabarani, nikarudi, nikatembea tena.

Jumatatu, 14 Julai

Longisa. Kipyegon alinituma nilete "ile picha ya kichwa" ili wazee waione. Nikamwambia Moureen. Kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika.

"Aonyeshwe ili iwe nini? Madam, kaa nikuexplainie."

Alichora kwenye karatasi. Juu ya ubongo kuna sehemu ya kijivu inayofikiri, na ndani kuna sehemu nyeupe, nyuzi nyingi zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watafiti wamewapima watu wengi wenye sonona na wengi wasio nayo. Ukilinganisha makundi, nyuzi za wenye sonona mara nyingi huonekana zimelegea kidogo, na mara nyingine hilo huenda pamoja na kufikiri polepole. Kidogo tu, na si kwa kila mtu. Wala hawajui vizuri kipi kilitangulia.

"Kwa hiyo majani yapo shambani, ni barabara ndiyo mbovu, lori linachelewa," nikasema.

"Hapo sawa. Sasa nikuonyeshe picha yako, nitakuambia nini? Hii ni ya kuangalia watu mia mbili. Haiwezi kusema Nelvine awe na shamba ama asiwe nalo. Haiwezi hata kusema ni kwa nini ulionyesha chai si yenyewe."

Nilikuwa nimeshika mkoba. Nikaushika zaidi. Kwa nini alisema hilo la mwisho? Hakumaanisha kitu, alikuwa anatoa mfano. Lakini njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nalisikia.

Jumanne, 15 Julai

Hakuna.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika hili na Moureen atalisoma, na iwe.

Joan alikuwa anafua, mimi naanika. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mum, ni ukweli ulisahau?"

"Nilisahau nini?"

"Ile ya mto. Juu wewe huzunguka nyumba kila asubuhi kuenda kwa ng'ombe. Hupiti mlango ya jikoni. Tangu dadi."

Nikamwambia anyamaze afue nguo. Akanyamaza akafua nguo. Ana macho ya Weldon huyu mtoto, hayakuachi upumue.

Ukweli ni huu. Mlango wa jikoni unatazama upande wa kaburi. Chai ya hapo haijapogolewa miaka minne, imefika kifuani, na nyuma yake ndipo saruji ya Weldon ilipo. Ikiwa ndefu hivyo, siioni. Ikikatwa hadi magotini, nitaiona kila nikiinua macho kutoka kwenye sufuria, asubuhi, mchana, jioni, kwa miezi. Atuti alipouliza akate gani, nilijua jibu. Lilikuja haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kunijia kichwani mwaka huu. Halikuchelewa njiani. Nilijua, na mkono ukaelekea mtoni.

Sikusahau. Niliogopa, nikadanganya, na ugonjwa ukawa hapo karibu, nikauvaa.

Ajabu ni kwamba huo ugonjwa upo. Maziwa yanaungua kweli. Herufi E ilinitoroka kweli. Umekula darasa langu na majina ya watu wangu, sasa nimeupa na hiki kwa mkono wangu mwenyewe, na Atuti anakaa nyumbani bila kazi. Nikikubali kwamba kila ninalokosea ni ugonjwa, basi mimi nimebaki wapi? Ninakasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Angalieni mwandiko.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu mchana kutwa. Nimeanza kwenda kwa Sellah mara mbili, nikarudi njiani mara mbili.

Jumapili, 27 Julai

Nilimlipukia Kogo. Nilikuwa nimeingia na kutoka mara ya kumi, nikamkuta ananitazama vilevile, nikamwuliza ananichunguzia nani, Kipyegon? Nilisema kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mama mkwe wake.

Hakukasirika. Alisema, kwa Kipsigis, kwamba ananitazama kuona kama nimekula. Kisha akanisimulia jambo ambalo Weldon hakuwahi kuniambia, labda hakulijua. Kabla ya Weldon alizaa wawili, surua ikawachukua ndani ya wiki moja. Alikaa jikoni karibu mwaka mzima. Alisahau kukamua, alisahau kuoga. Wakasema ni mvivu. Shemeji zake wakaja wakachukua ng'ombe wake wa maziwa wawatunze "kwa muda", na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ng'ombe hawakurudi.

"Ulisema nini walipokuja?"

"Sikusema kitu. Walisema mimi ni mgonjwa, nikaona ni rahisi kukubali."

Miezi yote hii nilidhani huyu mama ni askari wa Kipyegon. Nimeona aibu sana. Nilimpikia ugali na mboga, nikakaa, nikala mbele yake sahani yote.

Alhamisi, 31 Julai

Nimefika kwa Sellah. Atuti alikuwepo, anatengeneza banda la kuku. Nikawaambia. Sellah aliweka mkono mdomoni. Atuti hakuacha kupigilia msumari hadi ukaingia wote.

"Mimi nilijua mama," akasema. "Mtu akisahau, anaangalia huku na huku. Wewe hukuangalia. Lakini nitamwambia nani? Mimi si wa hapa."

Nikaomba msamaha. Akasema nikauombe mbele ya wale waliojazwa uongo masikioni. Ana haki.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao. Ninaandika sasa hivi kabla halijanitoka hata neno.

Walikuja saba, tukakaa sebuleni, Joan akapitisha chai. Nilikuwa nimemwomba Atuti aje. Alikaa karibu na mlango, na Kipyegon akajifanya hamwoni. Mzee Kiplimo aliomba hadi chai ikapoa. Kisha Kipyegon akasimama na kusema vizuri, lazima niandike hilo. Hakunitukana hata kidogo.

"Huyu mama si mbaya. Ameshikwa na ugonjwa ya kichwa, hata hospitali imempiga picha. Weldon alikuwa ndugu yangu, siwezi nikaona shamba yake inaharibika nikanyamaza. Tumtoe hii mzigo. Namba ije kwangu, na yeye apumzike."

Wakaitikia mmoja mmoja. Walikuwa wananihurumia wote, na njia ilikuwa nyeupe. Ningesema tu ndiyo, nilisahau, ningepewa pole na blanketi.

"Mama Joan, wewe unasema nini?" akauliza mzee Kiplimo.

Nikatafuta pa kuanzia. Maneno yangu huja polepole, ingawa jana yalikuwa yamepangwa vizuri sana. Mtu akakohoa. Kipyegon akafungua kinywa anisaidie, na Kogo akanyanyua mkono wake mkavu, akaufunga huo mdomo kutoka mbali.

"Maziwa ninayoyaunguza ni ugonjwa," nikasema. "Darasa niliacha kwa sababu ya ugonjwa. Mkutano wa Joan ni ugonjwa. Hayo sitayakana, na bado sijapona. Lakini sehemu ya mtoni sikusahau. Nilijua zamu ni ya kaburini. Sikutaka kuliona kaburi la Weldon nikiwa jikoni, nikamwonyesha Atuti kwingine. Yeye alikata alipoambiwa. Nikamwacha alaumiwe mwezi mzima. Atuti, nisamehe. Na nyinyi nimewadanganya."

Kipyegon alikuwa bado amesimama.

"Ngoja. Yaani wewe uliharibu chai ukiwa na akili yako timamu?"

"Ndiyo, shemeji. Nikiwa na akili zangu timamu."

Mzee Kiplimo akawatazama wenzake. "Sasa hii ni kesi gani? Mimi niliitwa ya mgonjwa."

Hapo Kogo akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. "Mgonjwa yuko," akasema. "Na mwenye makosa yuko. Ni mtu mmoja. Mbona unashangaa, Kiplimo, wewe hujawahi kuumwa siku umekosa?"

Watu wakacheka, kisha mzee akajikaza akaniuliza la maana: nikiachiwa shamba, huo upande wa kaburi nitaufanya nini?

Nikachukua muda wangu. Hakuna aliyenisaidia safari hii.

"Tukikata wote mwaka huu, pamoja na mtoni, tutabaki na nusu ya chai. Ungoje mwakani. Lakini mistari tisa iliyo mbele ya mlango wa jikoni nitaikata sasa, kwa mkono wangu."

Nilimwona Kipyegon akipiga hesabu ya majani kichwani. Ni mtu wa chai, hawezi kujizuia. "Hiyo ni sawa," akasema kwa shida, na akaketi. Baadaye kidogo akasimama tena, akavuka sebule, akampa Atuti mkono. Hakusema samahani. Atuti aliukubali mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko Kipyegon alivyotaka.

Namba imebaki kwangu.

Jumanne, 12 Agosti

Mistari miwili. Viganja vimetoka malengelenge. Sellah amepita akaniambia nikate chai niache kuikuna. Nimefurahi hadi machozi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilikuwa mstari wa saba nilipoona mtu ameanza wa tisa kutoka upande wa pili, bila kubisha hodi. Kipyegon, na panga la nyumbani kwake. Alikata haraka, mimi polepole, tukawa tunasogeleana.

Tawi la mwisho alilikata yeye. Lilipoanguka, saruji ikabaki wazi, na yeye akasimama mbele yake panga likiwa limening'inia. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila akija kwetu hupitia lango la juu, ingawa njia ya huku ndiyo fupi. Miaka miwili nimemwona akizunguka, na nilidhani anakagua chai.

"Kumbe ni ndogo hivi," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimekuwa nikiizunguka kama mlima. Badala yake nikalia, na yeye akalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.